Ukiulizwa Kama Unaota

Atupele mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga akina mama wa kwaya, na kwa ninavyowajua hawatakuachia mapema. Nimekaa mezani niandike kabla hujarudi. Basi lako linaondoka alfajiri, na alfajiri mimi si mtu wa maneno. Nitabeba begi, nitamwuliza kondakta kama kiti chako kiko dirishani, nitasimama pale mpaka mwondoke, kisha nitarudi nyumbani kuwasha jiko. Kwa hiyo yale niliyo nayo nayaweka humu, uyasome ukiwa umetulia.

Mambo ya kula, kulala na kutunza simu yako shangazi yako ameyamaliza. Mimi nataka kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, ukaniuliza, nikakaa kimya mpaka mahindi yakaisha. Najua uliona vibaya. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nalitafuta jibu, na mimi nikitafuta kitu natafuta polepole, hilo unalijua.

Ulinisomea ujumbe wa yule dada wa maonyesho ya picha. Alisema picha zako amezipenda, na kwamba anakusanya kazi za wanawake wanaochora na kuandika kutokana na mambo ya roho, ndoto na mizimu. Wapo wa pwani, wapo wa kanda ya ziwa, wapo hata wa nchi jirani. Alikuwa amesikia habari za mama yako na yule mwanamke wake wa kuchora aliyegeuza mgongo, ambaye madereva walimjua kuanzia hapa mpaka mbali. Mwisho akakuuliza: na wewe unaoteshwa kama mama yako?

Ukaniambia ukifika chuoni utamjibu ndiyo.

"Baba, mimi sioti chochote," ulisema. "Nikilala nimelala. Lakini nikisema ndiyo kuna ubaya gani? Nikisema hapana hawatanichukua." Kisha ukapukuchua gunzi zima bila kuinua uso, ukauliza, "Au na mama mwenyewe alikuwa anachora tu?"

Nianzie mbali kidogo, maana ukinianzisha katikati napotea.

Mama yako alilelewa na bibi yake kule Ndalambo. Bibi huyo alikuwa fundi wa kusiriba nyumba. Zamani kila mwanamke alisiriba nyumba yake, lakini yeye aliitwa na wenzake, hasa baada ya msiba, nyumba inapotakiwa kupakwa upya ili watu waanze tena kuishi ndani yake. Alitumia udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu wa kichuguu na masizi. Alichora kwa vidole na kwa bua la mtama lililotafunwa ncha. Mama yako alisema bibi hakuanza kazi kabla ya kukaa na wafiwa na kuwauliza marehemu alipenda kukaa upande gani wa ua. Akishajibiwa, alikwenda kuchora upande ule.

Kisha kijiji kikachangishana kuwaleta wale watu wa kutoa uchawi, lambalamba. Mama yako alikuwa mtoto mdogo. Wakapanda darini kwa bibi, wakashusha mabonge ya udongo aliyoyafunga kwenye majani ya mgomba yasikauke, wakayaweka uwanjani pamoja na pembe na hirizi za watu wengine. Bibi akasema ile ni rangi. Mmoja akamjibu kwamba rangi haifungwi kwenye majani. Hawakumpiga. Walimnyoa, wakamnywesha dawa yao, wakamwambia sasa ni safi. Baada ya hapo hakusiriba tena nyumba ya mtu. Akawa anakwenda mtoni mapema kuliko wenzake, asikutane nao njiani, na anayemfuata nyuma ni mjukuu tu, yaani mama yako, na kidumu chake. Bibi hakugeuka wala hakuongea. Mama yako aliniambia kwamba miaka yote ile alijua mgongo wa bibi yake kuliko uso.

Sasa mimi. Mimi nimetoka Ibaba, milimani, watu wa mahindi na baridi. Nilikuja kwenye joto la Ndalambo kununua ufuta na alizeti, nikaondoka na mke. Kwetu hatukuwa na mambo ya kuchora kuta. Mama yako alipokuwa na mimba yako tulikaa kwao kwa muda, na asubuhi moja aliamka akaniambia, "Bibi amepita." Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nikamwuliza amepita wapi. Akasema amepita pale nje na mtungi kichwani, hakugeuka. Kulipopambazuka akaenda mtoni kuchota udongo mweupe, akachora ukutani nyuma ya nyumba mwanamke anayekwenda zake, amegeuza mgongo, mtungi kichwani. Mimi nilipoamka vizuri nikautazama ule ukuta nikamwambia nyumba inaota ukungu. Alinicheka kwa hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Kila akimaliza picha alinigeukia akasema, "Mume wangu, njoo uone ukungu."

Tulipohamia hapa Tunduma tulipanga chumba cha tofali. Mwenye nyumba alipomwona anakanda udongo alimwambia ukuta wake si wa kijijini. Mimi nilikuwa nimeanza kazi hii ya kushona na kuziba maturubai ya malori, na vipande vilivyobaki akawa anavichukua kuchorea. Kutoka kwenye vipande akaingia kwenye malori yenyewe. Mwanzo aliandika namba za gari na maneno ya madereva, yale ya kumshukuru Mungu na yale ya kuwasema wenye wivu. Siku moja dereva mmoja mtu mzima, Mzambia, akasema anataka kitu ambacho hakipo kwenye gari lingine lolote. Mama yako akakaa anatazama mlango wa nyuma wa lile lori, akala karanga mbichi mpaka zikaisha, kisha akamchora bibi yake.

Yule dereva aliporudi alisema mlimani alikuta ukungu, magari mawili yameanguka mbele yake, na yeye akapita. Akasema ni kwa sababu ya yule mama. Ukimtazama kwa nyuma unamwona mgongo tu, kumbe uso wake uko mbele, anatazama barabara. Anatangulia. Maneno hayo yakaenda haraka kwenye foleni ya malori ya mpakani kuliko gari lolote. Wakaanza kuja. Wengine waliomba kwa aibu kidogo, kama mtu anayenunua dawa ya tumbo: "Mama, naomba na mimi yule anayetangulia."

Kanisani nako yakafika. Aliitwa kikao na wazee. Wewe ulikuwa umeanza shule, ulilala mapajani kwangu wakati wote. Walimwuliza kwa upole, siwezi kuwasingizia, kama ile picha ni ya mizimu. Akasema ni ya bibi yake. Wakauliza kama bibi anamjia ndotoni. Akasema ndiyo, alimjia. Mama Subira, huyuhuyu unayemuaga leo, alikuwa ameletwa kama mwakilishi wa akina mama. Akaomba kusema. Akawakumbusha kwamba yeye nyimbo zote za kwaya anaoteshwa, na kila akisimama kueleza kanisa zima linapiga vigelegele.

"Mimi nikiota mnanipigia vigelegele," alisema, "mwenzangu akiota mnamwitia kikao. Au ndoto zangu zimebatizwa, za kwake bado?"

Mzee mmoja akacheka bila kukusudia na kikao kikafa hapo. Walimwombea, wakamwomba asiseme ni kinga. Mama yako akajibu kwamba yeye hajawahi kusema ni kinga, na huo ulikuwa ukweli. Kusema nilikuwa nasema mimi.

Hapa ndipo pa kwangu. Mengi uliyaona, lakini ulikuwa mdogo, na mtoto huona miguu ya mambo bila vichwa vyake.

Mama yako alikuwa anachora polepole. Picha ya mwanamke mmoja ilimchukua siku nzima, na siku nyingine alishika brashi, akatazama, akaiweka chini akasema, "Leo hapana." Dereva amesimama, karatasi zake za forodha zimetoka, anataka kuondoka. Mimi ndiye niliyebaki kumtuliza. Nikawa namwambia, "Vumilia, anasubiri aoteshwe." Niliona maneno hayo yanafanya kazi. Mtu aliyekuwa anafoka alishusha sauti. Wengine walivua kofia. Basi nikayazoea. Nikiulizwa kama kweli picha ile inatoka ndotoni, nilisema ndiyo. Nikiulizwa kama kila gari linaotewa picha yake, nilisema ndiyo. Sikujiona mwongo. Bibi alikuwa amepita kweli kule Ndalambo, nami nilikuwepo. Niliona naongeza maji tu kwenye chai iliyokwisha kupikwa.

Wateja walipozidi nikachukua dumu gumu la plastiki, nikalipasua, nikalinyoosha kwa moto, nikakata umbo la yule mwanamke kwa kisu changu cha maturubai. Kichwa, mtungi, mabega, kanga. Ukiliweka juu ya bati na kupuliza rangi ya kopo, anatokea. Mama yako alipokwenda Ndalambo kumwuguza mama yake, mimi nilibaki nampulizia bibi kwenye malori. Nilimpuliza kama mtu anayepiga mhuri. Na wewe ulikuwa ukinishikia makopo, utakuwa unakumbuka.

Alikuja Ambokile. Unamjua, kijana wa kwetu Ibaba, ndiyo kwanza alikuwa amepewa gari. Alikuwa na maneno mengi, ananiita "mzee wa maturubai", anataka kila kitu haraka. Nikampulizia mwanamke kwenye mlango wa nyuma. Wakati rangi inakauka akaniambia breki za tela hazishiki vizuri, fundi anataka alaze gari, na tajiri anamhimiza. Nikamwambia alaze. Akacheka.

"Mzee, si umesema huyu mama ameoteshwa kwa ajili ya gari hili?"

Nikasema ndiyo.

"Basi breki zitasubiri. Mama anatangulia."

Nami nikacheka. Atupele, ningeweza kulisema pale pale. Ningesema, kijana, hii ni plastiki ya dumu la mafuta ya kupikia, kalaze gari. Lakini ningesemaje, wakati wengine watatu wamesimama nyuma yake wanangoja zamu? Ukishasema ndiyo ya kwanza, ya pili inatoka yenyewe, na ya tatu huwezi kuizuia bila kuumbuka.

Lori lilimshinda kwenye mteremko, likaacha barabara, likaingia kwenye shamba la mahindi na kulala. Mungu hakutaka afe. Mguu ulikatwa chini ya goti. Siku hizi unamwona pale mpakani anabadilisha pesa, magongo yake ameyaegemeza kwenye kiti. Kila nikipita ananisalimia vizuri, "Shikamoo mzee wa maturubai." Nilikwenda kumwomba msamaha hospitali, na nilikwenda tena alipotoka. Nilimweleza habari za plastiki. Unajua aliniambia nini? Aliniambia nisijisumbue. Yule mama alimtangulia, ndiyo maana yuko hai. Sikuweza kumtoa hapo, na mpaka leo sijaweza. Nilimpa ndiyo yangu, na sasa ni yake. Nikitaka kumnyang'anya, ananihurumia.

Mama yako aliporudi kutoka Ndalambo alikuwa ameshasikia. Alipita kwenye foleni kwa miguu kutoka alikoshukia, na njiani akawaona wanawake niliowapuliza, gari hadi gari, wote mabega sawa, wote mtungi mahali pamoja. Alipofika hakuweka mzigo chini. Alinipeleka mpaka kwenye lori lililokuwa karibu, akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni bibi. Akatazama.

"Huyu simjui," alisema.

Hakuniambia neno baya jingine. Alichukua kopo la rangi nyeusi, akaanza kutembea na foleni. Mimi nilimfuata na ngazi. Kila alipomkuta mwanamke wa plastiki aligonga mlango wa dereva, akajieleza, akaomba amfute. Wengi walikataa. Mmoja alimwambia, "Mama, ukinifutia huyu nikapata shida njiani, nani atajibu?" Akamjibu, "Ukimwacha ukapata shida, nani atajibu? Mimi ndiye mwenye bibi. Bibi yangu hakuwahi kupanda gari maisha yake yote. Aliogopa hata baiskeli. Sasa mnampeleka mlimani usiku, amewakosea nini?"

Dereva alicheka mpaka akashuka. Alifutiwa. Akafuata yule Mzambia mtu mzima, wa kwanza kabisa, mwenye picha ya kweli. Alisimama mbele ya mlango wake wa nyuma kama mtu anayelinda kuku. "Bamayo, mama yangu, huyu wangu simtoi," alisema. "Mimi breki zangu nakagua mwenyewe. Huyu ni wa kunisindikiza tu, maana barabara ni ndefu na mimi ni mtu wa peke yangu." Mama yako akamtazama, akarudisha brashi kwenye kopo. Akamwambia, "Wewe baki naye." Wakasalimiana kwa mikono miwili kama ndugu.

Jioni tulikaa kibarazani tunatoa rangi mikononi kwa mafuta ya taa. Ndipo nikamwambia, nikiwa nataka kujitetea kidogo, kwamba kosa langu lilikuwa kumpuliza bibi bila kusubiri aoteshwe. Mama yako akaacha kusugua.

"Nani alikwambia nasubiri kuoteshwa?"

Nikamwuliza, siku zile anazosema leo hapana, ni nini basi?

"Ni bega," alisema. "Bibi alikuwa anashusha bega la kushoto mtungi ukijaa. Siku nyingine mkono wangu unalikataa. Sasa nikimchora mabega sawa si atakuwa mwanamke mwingine?"

Nikamwuliza kwa woga kidogo, bibi anakuja mara ngapi.

"Alipita mara moja," akasema. "Kule Ndalambo, wakati wa mimba ya Atu. Sijamwota tena tangu tuhamie hapa. Ulitaka apite kila wiki kama basi?"

"Sasa kumbe unachora nini?"

"Namchora anavyotembea. Nikiacha nitasahau."

Hilo ndilo jibu la swali lako, na si langu, ni lake. Hakuniambia ni siri. Alisema huku anasugua kucha, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Sikukueleza mapema kwa sababu hukuuliza. Halafu mama yako akafariki, na mimi kwa muda mrefu sikuwa mtu wa kuulizwa kitu.

Tangu siku ile nimelifikiria sana. Sipendi useme mama yako alikuwa anachora tu. Asubuhi ile aliyoamka akasema bibi amepita, nilimwona uso. Mimi ni mtu wa darasa la saba, siwezi kukueleza wafu wako wapi na wanatoka vipi. Lakini najua mke wangu alivyoonekana akiwa amepitiwa na mtu, maana sikumwona vile tena. Na sipendi pia useme aliota kila picha. Ukisema hivyo unamnyang'anya kazi yake. Unamnyang'anya zile siku zote za bega. Watu wanapenda kusikia mwanamke ameoteshwa, kwa sababu wakishasikia hivyo hawahitaji tena kumwuliza amejifunza wapi, mkono unamwuma wapi, na alianza upya mara ngapi. Mama Subira ameniambia hivyohivyo kuhusu nyimbo zake. Ndoto humpa mstari mmoja. Ule mwingine wote anautafuta mwenyewe akiwa anapepeta mchele, na asubuhi akina mama wanamwambia Roho amekuamsha, wakati yeye hajalala.

Basi yule dada amekuuliza. Mimi sijui watu wa maonyesho wakoje. Pengine ni mtu mwema, pengine anauliza kwa sababu anajua swali hilo linaleta watazamaji, na pengine yote mawili. Najua tu kwamba ukimjibu ndiyo, hataishia hapo. Atauliza uliota nini. Utamweleza. Ataandika chini ya picha. Mtu atakuja kusoma, atakuwa amefiwa, au ana mgonjwa, au ana breki mbovu za namna yake, atakutafuta pembeni akuulize kama unaweza kumwotea na yeye. Utamwangalia usoni. Hapo ndipo nisipotaka ufike, na kule mbali sitakuwepo kushika ngazi.

Ukimjibu hapana, inawezekana hawatakuchukua. Sitakudanganya kwamba watakuchukua kwa sababu umesema kweli. Huenda wakamchukua mwingine anayeota vizuri. Utaumia, na utakuwa mgeni mjini, na kuumia ugenini ni kubaya zaidi. Lakini chuo kimekupokea kwa mikono yako, hakikukuuliza ndoto. Kimeona picha.

Ngoja nikwambie jambo la picha zako, sijakwambia vizuri kabla ya leo kwa sababu kwetu baba hasifii sana. Ile uliyoichora baada ya msiba, ya benchi la hospitali, lile la nje ya wodi ya wanawake. Hukuchora mtu. Umechora benchi, kuta za kijani mpaka nusu, na kanga iliyokunjwa pembeni. Ulipoitundika sebuleni nilikuwa naingia kwa mlango wa jikoni nisipite mbele yake. Shangazi yako alidhani nimeichukia. Siku moja nikajikaza nikakaa nayo. Pale kwenye benchi kuna mtu, Atu. Sijui umefanyaje. Upande wa kulia, pale ubao ulipolika, kuna mtu aliyeinuka sasa hivi tu. Nilikaa nikazungumza naye mambo ya nyumba, nikaona aibu, nikazungumza tena.

Hukuoteshwa lile benchi. Uliketi pale. Uliketi pale siku zile zote mimi nilipokuwa nakimbizana na dawa, na mkono wako ukakumbuka ubao ulivyokuwa. Kama hayo si mambo ya roho, basi mimi sijui maana ya neno hilo. Mwambie huyo dada hivyo. Mwambie mama yako aliota mara moja, na miaka yote iliyobaki alifanya kazi. Mwambie wewe huoti, ulikuwa unashika kopo la rangi. Akitaka, achukue benchi. Asipotaka, libaki hapa sebuleni. Mimi nimelizoea.

Kuna jambo moja la mwisho, la kwangu.

Na mimi sijamwota mama yako. Watu huniuliza, hasa wazee, kama ameshanijia, na nawajibu kwamba bado. Mwanzo nilikuwa nalala mapema makusudi. Nilihamia upande wake wa kitanda nikidhani labda njia yake iko huko. Shangazi yako anamwota, akiamka ananieleza kwa furaha, nami nasema vizuri, halafu nakwenda kwenye maturubai yangu na siku nzima nashona vibaya. Siwezi kujilazimisha na siwezi kusema ndiyo wakati si ndiyo, hiyo nimeshajifunza. Nimekaa tu. Kama atapita, atapita.

Inawezekana atakuja kwako kwanza. Wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja kule hospitali, na kule uendako hakuna kelele za malori. Ikitokea, usinifiche kwa kuogopa nitaumia. Nipigie simu saa yoyote, hata kama ni usiku, sitazima. Usinitafutie maana yake, na usimweleze mtu mwingine kabla yangu. Niambie tu alikuwa amevaa nini.

Baba yako.